Hatari isiyojengwa: mwongozo kamili wa kubuni mchakato wa kiwanda ulio salama tangu kwenye mchoro

Nilipokuwa field mwaka wa tatu wa chuo, nilipangiwa mtambo wa kusafisha maji wa mji mmoja ambao sitautaja. Nyuma ya jengo la pampu kulikuwa na banda la klorini: mitungi miwili ya tani moja moja imelazwa juu ya magogo, mmoja unatumika, wa pili wa akiba. Ukutani palikuwa na king'ora, mlangoni picha ya fuvu. Siku ya tatu tukasikia harufu. Fundi mkuu akatukimbiza kuelekea upepo unakotoka, kisha akaulizia barakoa ya hewa. Barakoa ilikuwa kabatini ofisini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda benki. King'ora nacho hakikulia, betri yake ilikwishakufa. Tulisubiri ufunguo karibu saa nzima, tukiziangalia nyumba za jirani ambazo hazikuwa na habari yoyote. Kilichovuja kilikuwa kidogo, gasketi tu iliyochoka kwenye kiungio, na hakuna aliyeumia.

Tangu siku ile sijajisumbua sana kuuliza kwa nini betri ilikufa. Betri hufa, na funguo huondoka na wenyewe. Ninachouliza ni nani aliyeamua, siku mtambo ule unachorwa, kwamba tani mbili za gesi ya sumu zikae nyuma ya pampu, na kama alijiuliza iwapo ipo namna nyingine.

Mwongozo huu ni wa yule anayeshika kalamu siku hiyo: mhandisi kijana, mwenye kiwanda cha sabuni au cha mafuta ya kula anayetaka kupanua, ofisa anayepitia michoro kabla ya kutoa kibali. Nitautumia mtambo wa maji kama mfano wa hesabu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nitachukua mifano ya kwingine pale inapofundisha zaidi.

Wazo lenyewe

Trevor Kletz, mkemia wa Kiingereza aliyekuwa mshauri wa usalama wa kampuni ya kemikali ya ICI, alilisema mwaka 1977 kwa maneno machache: kisichokuwepo hakiwezi kuvuja. Nyuma ya kauli hiyo kulikuwa na kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kilichokuwa kikitengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni. Mle ndani hewa ilipulizwa kwenye saikloheksani ya moto. Kila mzunguko, asilimia 6 hivi tu ya saikloheksani ndiyo iliyogeuka kuwa kitu kinachotakiwa. Asilimia 94 iliyobaki ilikuwa abiria: inapashwa moto, inasukumwa, inarudishwa, inapashwa tena. Ndiyo maana makumi ya tani ya kimiminika kinachowaka yalikuwa yakizunguka kwenye nyuzi 155 za joto na presha karibu mara tisa ya hewa tuivutayo. Tarehe 1 Juni 1974 bomba la muda lilikatika, wingu la mvuke likashika moto, na watu 28 wakafa, 18 kati yao wakiwa ndani ya chumba cha kuongozea mitambo.

Wengi waliosoma tukio hili hukumbuka bomba. Kletz aliuliza kuhusu abiria. Bomba lingekatika kwenye kiwanda chenye tani moja au mbili tu, tungekuwa tunazungumzia moto wa kuzima kwa mipira ya maji.

Kutokana na swali hilo zilipatikana kanuni nne ambazo wahandisi wa kemikali hufundishwa hadi leo: punguza, badilisha, tuliza makali, rahisisha. Kuzikariri ni kazi ya dakika moja. Ugumu uko kwenye kuzitumia kwa wakati wake na kwa hesabu.

Hatua ya 1: Kaeni chini kabla mchoro haujakauka

Samaki mkunje angali mbichi. Mchakato ukiwa bado wazo la maabara, unaweza kubadilisha hata mmenyuko wenyewe. Ukifikia mchoro wa mtiririko, bado unaweza kubadilisha kiasi, joto na presha. Ukifikia mchoro wa mabomba na vifaa vya kupimia, umebaki na valvu na ving'ora. Zege likishamwagwa, unachoweza kununua ni barakoa.

Viwanda vingi hufanya mapitio ya hatari ya mtindo wa HAZOP, ambapo timu hupita bomba kwa bomba ikiuliza: mtiririko ukizidi? ukirudi nyuma? joto likipanda? Ni kazi nzuri na isiachwe. Lakini hufanyika michoro ikiwa imekamilika na vifaa vimeshaagizwa, kwa hiyo jibu la kila swali huelekea kuwa "ongeza king'ora". Fanya kikao kingine mapema zaidi, ukiwa na mchoro wa mtiririko wa ukurasa mmoja tu. Nusu siku inatosha.

Muite mkemia, mhandisi, fundi wa matengenezo, na mwendesha mitambo wa zamu ya usiku. Muite pia mtu wa manunuzi. Huyu husahaulika kila mara, ilhali ndiye anayeamua ghala lijae kiasi gani kwa sababu tu bei ya jumla ilikuwa nzuri. Kama uko Tanzania, kikao hiki kitangulie maombi ya kibali cha mazingira, usajili wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) na usajili wa kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya, kitangulie NEMA (mamlaka ya mazingira) na DOSHS (idara ya usalama na afya kazini). Nimeona watu wanaifahamu hatari ya kiwanda chao kwa mara ya kwanza wanapoisoma kwenye ripoti iliyoandikwa na mshauri wa kukodi.

Hatua ya 2: Andika kila kilichomo, kwa kilo

Usiandike "klorini". Andika "klorini, kilo 2,000, gesi iliyogandamizwa kuwa kimiminika, banda la nyuma". Hesabu kilicho ndani ya matangi, vinu (vyombo ambamo mmenyuko hufanyika) na mabomba, na kilicho kwenye lori linaloshusha getini.

Tuchukue mtambo wetu. Unatoa mita za ujazo 10,000 za maji kwa siku, na kipimo cha klorini ni gramu 2 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni kilo 20 kwa siku. Mtungi wa tani moja unamaliza siku 50. Kwa hiyo mji unahitaji kilo 20 leo, na nyuma ya pampu pana kilo 2,000.

Sasa geuza kilo kuwa maana. Kiwango cha klorini kinachohesabiwa kuwa hatari ya mara moja kwa uhai ni sehemu 10 katika milioni ya hewa. Tani moja ikigeuka gesi yote hujaza kama mita za ujazo 345. Ukiieneza sawasawa hadi kufikia kiwango hicho, inatosha hewa ya mita za ujazo milioni 34: kilometa moja kwa kilometa moja, kimo cha mita 34, sawa na jengo la ghorofa kumi hivi. Kwa kweli gesi haienei sawasawa. Klorini ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, hutambaa chini, hujaa mitaroni na kwenye mabonde, ambako ndiko watu wa kipato kidogo hujenga. Hesabu hii haitabiri ajali, lakini ukiiweka mezani hakuna atakayesema tena "ni mitungi miwili tu".

Baada ya kilo, chora jedwali la nani akikutana na nani. Andika kemikali zote mstari wa juu, zote tena ubavuni, na katika kila kisanduku andika kinachotokea zikichanganyika. Tumia karatasi za usalama za kemikali kutoka kwa muuzaji, na usikubali kupokea mzigo usio na karatasi hiyo. Mambo yatakayojitokeza yatakushtua kwa ukawaida wake. Shabu tunayoitumia kutuamisha tope ni tindikali kidogo, na ikimwagikia dawa ya klorini ya maji hutoa gesi ya klorini. Klorini ya unga ikigusana na mafuta au grisi inaweza kuwaka yenyewe. Kostiki ya kutengenezea sabuni ikiwekwa kwenye sufuria ya alumini huila ile sufuria na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Kwenye jedwali weka pia maji, hewa, kutu na jasho la mfanyakazi, maana navyo vimo kiwandani.

Hatua ya 3: Uliza kama kinahitajika kabisa

Hapa ndipo Bhopal inapofundisha kuliko kitabu chochote. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, kiwanda cha viuatilifu katika mji huo wa India kilitoa tani zipatazo 40 za methili isosianati, kemikali ya sumu kali, juu ya mitaa iliyolala. Maelfu ya watu walikufa.

Kemikali ile haikuwa malighafi iliyonunuliwa, wala haikuwa bidhaa ya kuuza. Ilikuwa kituo cha katikati, kitu kinachotengenezwa ili kigeuzwe kingine, na kikarundikwa kwenye matangi kwa sababu kuwa na akiba ni raha. Tena ilikuwepo njia ya kutumia malighafi zilezile kwa mpangilio mwingine, ukaipata bidhaa ileile bila kupitia methili isosianati. Njia hiyo ilikuwa bado na fosjini, gesi nyingine ya sumu, ndani yake, kwa hiyo haikuwa safi kabisa. Lakini tangi lile lisingekuwepo.

Kinga zilikuwepo nyingi: jokofu la kulipoza tangi, mnara wa kuosha gesi, mwenge wa kuichoma, mabomba ya kumwagia maji. Usiku ule jokofu lilikuwa limezimwa tangu miezi kadhaa, kipande cha bomba la mwenge kimeondolewa kwa matengenezo, mnara haukuwa tayari, na maji hayakufika juu gesi ilikokuwa ikitokea. Kila kinga ilikuwa na sababu yake ya kutofanya kazi, kama betri yetu na ufunguo wetu. Baada ya Bhopal, makampuni kadhaa yaliyokuwa yakiweka akiba ya kemikali hiyo yaligundua yanaweza kuitengeneza na kuitumia palepale. Mwaka mmoja kabla, mtu angewaambia hayo, wangesema haiwezekani.

Kwa hiyo pita kila mstari wa orodha yako ukiuliza: hiki ni malighafi, bidhaa, au kituo cha katikati? Kama ni cha katikati, kwa nini kina tangi?

Hatua ya 4: Punguza

Mfano ninaoupenda ni wa nitrogliserini, kilipuzi kinachotengenezwa kwa gliserini na tindikali. Zamani ilitengenezwa kwenye chungu kikubwa chenye kama tani moja, na mmenyuko uliendelea kwa muda mrefu kwa sababu kuchanganya kulikuwa duni. Mtu mmoja alikaa akitazama kipimajoto, joto likipanda afungue maji ya kupoza au amwage chungu chote. Ili asisinzie, alikalishwa kwenye kigoda cha mguu mmoja: akisinzia, anaanguka. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga. Baadaye wahandisi walijiuliza kwa nini chungu ni kikubwa. Wakagundua mmenyuko wenyewe ni wa haraka, ni uchanganyaji ndio uliokuwa mzito. Wakabuni kichanganyaji kidogo ambacho tindikali ikipita kwa kasi huivuta gliserini ndani yake. Kilichomo ndani ni kama kilo moja, na muda ukashuka kutoka saa mbili hadi dakika mbili. Tindikali ikisimama, gliserini haivutwi tena. Kigoda kikawa hakina kazi.

Somo ni hili: ukiona chombo kikubwa, uliza ni nini kinachokifanya kiwe kikubwa. Mara nyingi ni uchanganyaji mbaya, upozaji mdogo, au mazoea.

Mabomba nayo ni matangi marefu. Bomba la kipenyo cha milimita 100 lenye urefu wa mita 200 hubeba lita 1,570. La milimita 50 hubeba lita 390 hivi, robo tu. Ukisogeza tangi karibu na kinu, ukapunguza urefu hadi mita 40, unabaki na chini ya lita 80. Hakuna kifaa cha usalama cha bei nafuu kama kuhamisha tangi kwa raba ya kufutia.

Ila kupunguza kuna mtego. Kwenye mtambo wetu, mtu atasema: acheni mitungi ya tani, tuchukue ya kilo 50. Vizuri, ukitoboka mmoja kinatoka kidogo. Lakini mtungi wa kilo 50 unaisha kwa siku mbili na nusu. Kwa siku 50 utabadilisha mitungi mara 20 badala ya mara moja, na kila kubadilisha ni kiungio kinafunguliwa, gasketi inawekwa, mkono wa mtu unahusika. Uvujaji mwingi wa klorini hutokea hapohapo. Kwa hiyo usipunguze kwa kukatakata hatari vipande tu. Hesabu pia idadi ya mara itakazoguswa.

Hatua ya 5: Badilisha

Njia mbili zinajulikana kwa mtambo kama wetu.

Ya kwanza ni klorini ya unga, ile tunayoiita HTH, yenye asilimia 65 hivi ya klorini inayofanya kazi. Kilo 20 kwa siku zinakuwa kilo 31 za unga. Akiba ya mwezi ni kama kilo 930, ndoo 21 za kilo 45. Unga hauruki kwenda mtaani.

Ya pili ni kutengeneza dawa palepale kwa chumvi, maji na umeme. Kwa kila kilo ya klorini unatumia karibu kilo 3 hadi 3.5 za chumvi na yuniti 4 hadi 5 za umeme. Kwa siku: chumvi kilo 70, umeme yuniti 100, na unapata lita 2,500 za dawa yenye nguvu ya asilimia 0.8, dhaifu kuliko jiki ya dukani. Ghala lako linakuwa la chumvi.

Haya si majaribio. Washington, mji mkuu wa Marekani, mtambo wa majitaka wa Blue Plains ulikuwa ukiweka klorini kwenye mabehewa ya reli, kila moja lenye tani zipatazo 90. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, waliiondoa ndani ya wiki chache tu, wakahamia dawa ya maji. Mpango wa kubadilisha ulikuwepo kabla. Ilibidi watu waogope ndipo ukaharakishwa.

Kwingine mabadiliko ni rahisi zaidi: rangi za maji badala ya za thina, sabuni ya kuoshea vipuri badala ya petroli. Mafundi wa gereji watakwambia petroli husafisha vizuri zaidi. Ni kweli, na ndiyo maana lazima uwape mbadala unaosafisha kweli, la sivyo petroli itarudi kupitia mlango wa nyuma.

Hatua ya 6: Tuliza makali

Kama kitu lazima kiwepo, kiweke katika hali yake ya upole: baridi zaidi, chembamba zaidi, presha ndogo zaidi.

Amonia kwenye joto letu la pwani hukaa kimiminika kwa presha kama mara 12 ya hewa. Ikipozwa hadi nyuzi 33 chini ya sifuri hukaa bila presha. Tangi la kwanza likitoboka, hufyatuka. La pili humwagika na kuchemka polepole, unapata muda.

Kama mtambo wako wa maji lazima ubaki na gesi, basi uendeshwe kwa mvuto. Kidhibiti kinakaa kwenye mtungi wenyewe, na maji yanayopita kwa kasi kwenye kidude cha kuvutia ndiyo yanayofyonza klorini. Bomba la katikati likipasuka, hewa huingia ndani badala ya klorini kutoka nje, na kidhibiti hujifunga chenyewe. Hakuna betri wala ufunguo. Kama unachora mtambo mpya wa gesi ukiwa na bomba refu la klorini yenye presha, futa uanze upya.

Wenye viwanda vya sabuni, hesabu hii ni yenu. Kilo moja ya kostiki ikiyeyuka kwenye maji hutoa joto la takriban megajuli 1.1. Ukiyeyusha kilo 25 kwenye lita 75 za maji kwa mkupuo mmoja, joto linapanda kwa nyuzi 70 na zaidi. Maji ya Dar es Salaam yenye nyuzi 28 yanafika karibu na kuchemka, na kostiki inayochemka huruka usoni. Kilo 10 kwenye lita 90 zinapandisha nyuzi 28 hivi tu. Chagua mojawapo: nunua kostiki iliyokwisha kuyeyushwa, au yeyusha kwa nguvu ndogo, au weka kifaa cha kuingiza kilo chache kwa wakati huku maji yakipozwa. Na sikuzote kostiki iingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki.

Hatua ya 7: Rahisisha, hadi kosa likose pa kuingilia

Oktoba 2016, katika kiwanda kimoja cha Atchison, Kansas, dereva aliunganisha mpira wa lori la tindikali ya salfuriki kwenye bomba la tangi la dawa ya klorini. Mabomba mawili ya kujazia yalikuwa jirani na yanafanana. Wingu la kijani lilielea juu ya mji, na zaidi ya watu 140 walikwenda kutafuta matibabu.

Watu wengi wakisikia hivyo husema dereva afundishwe, na kweli afundishwe. Lakini mchoraji angeweka viungio vya ukubwa tofauti, au vyenye umbo tofauti, au upande mmoja wa jengo tindikali na upande wa pili klorini, dereva asingeweza kukosea hata akiwa amechoka na mvua inanyesha. Kwenye mtambo wetu, lango la shabu na lango la klorini yawe pande mbili za uwanja.

Mambo mengine ya aina hii: tangi la kupimia linaloingia kiasi cha mkupuo mmoja na si zaidi, ili mtu asiweze kuzidisha. Pampu ambayo presha yake ya juu kabisa ni ndogo kuliko uwezo wa bomba, ili hata valvu ikifungwa kwa bahati mbaya kusitokee kitu. Dawa ya maji inayoshuka kwa mteremko kutoka tangi la juu, badala ya pampu mbili, kipima kina na kompyuta. Valvu ambayo kishikio chake kinaonyesha kwa macho imefungwa au imefunguliwa. Mwendesha mitambo wa zamu ya usiku atakwambia ni kipi kinachomchanganya. Muulize, kisha mwache aongee.

Hatua ya 8: Fuata hatari ilikohamia

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, hasa wenye bidii. Ukiondoa hatari hapa, angalia kama haijachomoza pale.

Tumehamia HTH? Sasa tuna karibu tani moja ya kitu kinacholisha moto. Ghala lake liwe kavu, lenye hewa, mbali na mafuta ya jenereta, grisi, karatasi na shabu. Mashapo yake huziba mabomba ya dozi, kwa hiyo weka tangi la kutuama.

Tumehamia chumvi na umeme? Kilo 20 za klorini kwa siku zinazaa haidrojeni kama kilo 0.57, karibu mita za ujazo 7. Haidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 ya hewa, nasi tunataka isizidi asilimia 1, kwa hiyo tunahitaji angalau mita za ujazo 700 za hewa kwa siku, 29 hivi kwa saa mtambo ukifanya kazi usiku na mchana. Feni iisukume hewa hiyo, na bomba la kutolea hewa lielekee juu moja kwa moja bila kona ya kukusanyia gesi. Feni ikizimika, umeme wa mtambo nao ukatike.

Halafu swali kubwa kuliko yote: umeme ukikatika siku tatu, mji utakunywa nini? Maji yasiyotiwa dawa huleta kipindupindu, na kipindupindu kinaweza kuua watu wengi kuliko uvujaji wa mtungi. Kwa hiyo kwa mtambo wetu ningechora hivi: mtambo wa chumvi kwa kazi ya kila siku, tangi la dawa la siku mbili, na ndoo 5 za HTH za akiba, ambazo ni siku saba za dawa. Hakuna mtungi wa gesi kabisa. Mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha na barabara haipitiki masika, ningeanza na HTH na kuacha chumvi kwa baadaye.

Hatua ya 9: Sasa ndipo uongeze kinga, kwa mpangilio huu

Hatari iliyobaki izungushiwe kwanza kinga zisizohitaji kusogea: ukuta wa kuzuia kumwagika, sakafu yenye mteremko, umbali. Kisha zile zinazojiendesha: valvu za kujifunga, feni, ving'ora. Mwisho kabisa, taratibu na mafunzo. Ving'ora vihesabiwe kama vitu vinavyokufa: andika nani anavijaribu na kila lini.

Umbali nao ni kinga, na mara nyingi ndio unaoibwa kwanza. Tarehe 23 Machi 2005 mlipuko kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, uliua watu 15. Walikuwa ndani na kandokando ya ofisi za muda, yale makontena ya wakandarasi, yaliyowekwa karibu na mnara unaomwaga mvuke. Kazi yao haikuhitaji kufanyiwa pale. Kwetu huku, Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka bomba kubwa ilishika moto katika kitongoji cha Sinai, Nairobi, na watu wapatao 100 wakafa katika makazi yaliyojengwa juu ya njia ya bomba. Ukinunua kiwanja cha kiwanda, nunua na ukanda wa kuzunguka, panda miti, weka alama, na usiugeuze kuwa maegesho wala kantini. Eneo tupu lisilo na mwenyewe huku kwetu halikai tupu.

Hatua ya 10: Andika sababu, kisha linda mabadiliko

Flixborough ilikuwa na vinu sita. Cha tano kilipopata ufa, walikiondoa na kuunganisha cha nne na cha sita kwa bomba la muda. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Wakati huo kiwanda hakikuwa na mhandisi wa mitambo mwenye sifa wa kuupitia.

Kwa hiyo kila uamuzi wa hatua zilizotangulia uwe na mstari wake kwenye ukurasa mmoja: tulichokataa, tulichochagua, kwa nini, na kilo za mwisho zinazoruhusiwa. Mfano: "Lango la klorini liko mashariki kwa sababu la shabu liko magharibi. Lisihamishwe." Au: "HTH isizidi ndoo 25 kwa wakati wowote." Bila sababu kuandikwa, mhandisi atakayekuja miaka mitano baadaye ataona milango miwili mbalimbali, ataona ni upotevu wa zege, na ataileta pamoja.

Ukurasa huo ubandikwe mahali pawili: chumba cha kuongozea mitambo na meza ya mtu wa manunuzi. Akitaka kuleta ndoo 60 kwa sababu muuzaji ametoa punguzo, aujaze upya na mhandisi asaini, kama ambavyo fundi anayetaka kuweka bomba la muda angejaza. Lori lisifunguliwe getini kabla ya saini hiyo.